Malengelenge ya miguu katika safari ndefu za kutembea: kuyazuia, kuyatumbua na kuyatunza

Weka ncha ya kidole cha shahada juu ya mgongo wa mkono wako wa pili. Kandamiza kidogo, kisha sogeza kidole mbele na nyuma bila kukiacha kiteleze. Ngozi inakifuata kidole, mifupa iliyo chini imetulia. Hakuna kilichosuguliwa hapo, lakini tabaka za ngozi zimevutana.

Ndani ya buti jambo hilohilo hutokea kila hatua. Kiatu kimeishika soksi, soksi imeing'ang'ania ngozi, na mfupa wa kisigino unapanda na kushuka ndani yake. Baada ya maelfu ya hatua, tabaka za katikati za ngozi ya juu huchanika na kuachana, kisha nafasi iliyobaki hujaa maji, mara nyingi ndani ya saa 2 hivi. Ndiyo maana lengelenge huweza kutokea bila ngozi ya nje kuwa na mkwaruzo wowote. Ndiyo maana pia hupenda kisigino, wayo na vidole, mahali ambapo ngozi ni nene na imeshikana imara na kilicho chini yake. Ngozi nyembamba, kama ya juu ya kifundo cha mguu, yenyewe huchubuka tu.

Tumeanza na hili kwa sababu watu wengi huhangaika na ngozi ya nje peke yake: wanaipaka, wanaifunika, wanaikaza. Kinachosaidia ni kupunguza mambo matatu: mwendo wa mfupa ndani ya kiatu, kunata kwa ngozi na soksi, na idadi ya hatua zinazopigwa baada ya mahali kuanza kuchoma. Hilo la tatu ndilo rahisi kuliko yote, na ndilo linalopuuzwa zaidi.

Lengelenge lilipotokea panaonyesha kosa

Kabla ya kununua chochote, vua soksi uangalie malengelenge ya safari iliyopita yalikuwa wapi.

Nyuma ya kisigino: kisigino kinapanda na kushuka. Ama kiatu ni kikubwa, ama sehemu yake ya nyuma ni ngumu na haijalainika, ama kamba zimelegea kwenye kifundo. Hapa hujitokeza zaidi wakati wa kupanda mlima.

Ncha za vidole na chini ya kucha: kiatu ni kifupi, au mguu unateleza mbele wakati wa kushuka. Mara nyingi kucha ndefu nazo zina mkono wao.

Ubavu wa kidole kidogo au wa kidole gumba: kiatu ni chembamba. Kuvaa soksi nene zaidi hapa kunazidisha tatizo, maana unaongeza kubanwa.

Katikati ya vidole: vidole vinapandiana na jasho halina pa kutokea. Dawa yake ni soksi zenye vidole vilivyotenganishwa, kama glavu. Plasta mahali hapa hazikai.

Wayo wa mbele, chini ya vidole: joto, jasho na mguu unaoteleza mbele na nyuma juu ya soli ya ndani. Haya ndiyo mabaya kuliko yote, kwa kuwa unayakanyaga kila hatua na ngozi ya hapo ni nene mno kiasi kwamba maji hukaa ndani sana.

Ukingo wa kisigino kwa chini, au upande wa ndani wa mguu kwenye upinde: ukingo wa soli ya ndani unakata. Pitisha kidole ndani ya kiatu utausikia. Soli iliyojikunja, iliyokatwa vibaya au isiyolingana na kiatu hutolewa na kubadilishwa, usijaribu kuizoea.

Kiatu na kamba

Pima viatu jioni au baada ya kutembea, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi zilezile za safari. Simama ukiwa na begi lenye uzito mgongoni. Kati ya kidole kirefu kuliko vyote na ncha ya kiatu ibaki nafasi ya sentimita 1 hadi 1.5, takriban upana wa kidole gumba cha mkono. Kidole kirefu si lazima kiwe gumba. Kwa baadhi ya watu ni cha pili. Kama mguu mmoja ni mkubwa kuliko mwingine, fuata ule mkubwa.

Kisha tafuta mteremko au ngazi ushuke. Vidole vikigonga mbele, kiatu hicho kiache dukani. Buti ngumu hulegea kwa upana kidogo zinapotumika, lakini haziongezeki urefu.

Buti mpya haziingii safari ndefu moja kwa moja. Zivae nyumbani saa moja kwa siku chache, kisha kilomita 3 hadi 5 bila mzigo, kisha kilomita 10 na mzigo. Uzito wa begi nao unahesabika: mzigo ukiongezeka, mguu unakandamizwa zaidi na malengelenge yanaongezeka, hata kama kiatu ni kilekile. Kila kilo unayoiacha ni nafuu kwa wayo.

Kamba zinastahili muda kuliko zinavyopewa. Kwa kisigino kinachopanda, funga kama kawaida hadi tundu la pili kutoka juu. Hapo usivushe kamba: ingiza kila upande kwenye tundu la juu la upande uleule, ili pabaki kitanzi kidogo kushoto na kingine kulia. Pitisha ncha ya kushoto ndani ya kitanzi cha kulia, na ya kulia ndani ya kitanzi cha kushoto. Gonga kisigino chini ili kirudi nyuma kabisa ndani ya kiatu, kisha vuta na kufunga. Kwenye buti zenye kulabu, zungushia kamba moja juu ya nyingine mara 2 au 3 pale mguu unapopinda, kabla ya kuendelea juu. Msokoto huo hushikilia kilichokazwa chini, ili uweze kukaza kifundo na kuacha vidole vikiwa huru. Kabla ya mteremko mrefu simama ukaze upya. Wakati wa kupanda legeza kidogo upande wa mbele.

Soksi, jasho na mafuta

Ngozi yenye unyevunyevu hunata kuliko ngozi kavu. Ngozi iliyolowa chepechepe huteleza zaidi, lakini hulainika, hukunjamana na kuchanika upesi. Kwa hiyo lengo ni ukavu, na pamba haifai: hufyonza jasho na kulikalia. Chagua sufu laini au nyuzi za viwandani kama nailoni na polista. Mpango unaofanya kazi kwa wengi ni soksi mbili: nyembamba inayobana vizuri ndani, na nene nje. Zikiteleza moja juu ya nyingine, mvutano unaishia kati ya soksi badala ya kufika kwenye ngozi. Ila kiatu kiwe kimenunuliwa kwa soksi hizo mbili. Ukiziongeza ndani ya kiatu kilichokutosha kwa moja, unakibana.

Chukua jozi ya kubadili. Kila dakika 60 hadi 90 pumzika, vua viatu na soksi, kung'uta mchanga, acha miguu ipate hewa dakika 5 hadi 10, kisha vaa soksi kavu na ufunge zile zenye jasho nje ya begi zikauke. Baada ya kuvuka maji usiendelee na soksi zilizolowa eti zitakauka zenyewe. Usiku lala na miguu mikavu na wazi, au ndani ya soksi safi ambazo hazitembelewi kamwe.

Mafuta ya mgando yanapendwa sana, na kwa saa ya kwanza kweli hupunguza msuguano. Tatizo ni baadaye: yanapofyonzwa na soksi, msuguano hurudi, na baada ya saa chache unaweza kuwa mkubwa kuliko wa ngozi isiyopakwa kitu. Ukiamua kuyatumia, paka upya kila kituo. Usiyachanganye na plasta, kwa kuwa gundi haishiki juu ya mafuta.

Dawa kali ya kuzuia jasho yenye alumini kloridi pia husaidia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, wanafunzi wa chuo cha kijeshi nchini Marekani walitembea kilomita 21. Waliokuwa wamepaka dawa ya asilimia 20 angalau usiku 3 kabla, asilimia 21 kati yao walipata malengelenge, dhidi ya asilimia 48 ya waliopaka kitu kisicho na dawa. Lakini asilimia 57 ya waliotumia dawa hiyo ngozi iliwasumbua kwa kuwasha na kuchoma, dhidi ya asilimia 6 upande wa pili. Kwa maoni yetu ni njia ya mtu ambaye miguu yake hutoka jasho jingi kupita kawaida, na ajaribu wiki kadhaa kabla ya safari.

Sugu nazo zisiachwe zikawa nene. Lengelenge hutokea chini yake, mahali ambapo sindano haifiki. Zisugue kwa jiwe la miguu mara moja kwa wiki ziwe laini na sawa na ngozi ya pembeni. Usizikate kwa wembe. Kucha zikate siku 1 au 2 kabla, moja kwa moja bila kuchimba pembe, na uzipige tupa hadi zisinase kwenye soksi.

Plasta ya kinga

Kama unajua mahali pako pa kuumia, pafunike asubuhi kabla ya kutoka. Katika jaribio la wakimbiaji wa mbio za siku nyingi lililochapishwa mwaka 2016, plasta nyembamba ya karatasi, ile ya hospitali, ilipunguza malengelenge kwa takriban asilimia 40. Ni rahisi kuipata na haivuti ngozi wakati wa kutoka. Plasta ngumu ya kitambaa yenye zinki oksaidi, ya upana wa sentimita 2.5 hadi 5, hushika zaidi na huvumilia jasho, ila ikibanduliwa vibaya inaondoka na ngozi.

Kuibandika ndiko kunakoharibiwa. Safisha ngozi kwa spiriti, subiri ikauke kabisa. Kata kipande kinachozidi mahali penyewe kwa sentimita 2 kila upande, na uviringishe kona zake kwa mkasi. Kona zenye ncha ndizo huanza kubanduka. Weka mguu kana kwamba umesimama, kifundo kikiwa pembe mraba, la sivyo plasta itajikunja ukianza kutembea. Bandika kuanzia katikati kwenda nje bila kuivuta, kisha isugue kwa kiganja nusu dakika ili joto lishikishe gundi. Kunjo moja dogo linatosha kutengeneza lengelenge jipya, kwa hiyo ukiliona bandua uanze upya. Soksi ivae kwa kuikunjua, usiiburute juu ya plasta. Kwenye kidole usizungushe duara kamili lililokaza, maana vidole huvimba kadiri siku inavyoendelea.

Panapoanza kuchoma

Kabla ya lengelenge kuna onyo: joto mahali pamoja, kama punje ya mchanga imenasa kwenye soksi. Una dakika chache, si kilomita chache. Simama hapohapo, hata kama kilele kinaonekana na wenzako wametangulia. Kundi lenye busara hukubaliana tangu mwanzo kwamba yeyote anaweza kusimamisha msafara kwa ajili ya mguu wake, bila kuombwa maelezo.

Vua kiatu na soksi. Toa mchanga au uzi uliokunjamana. Kausha, bandika plasta, kaza kamba upya, geuza au badili soksi. Dakika 5 hizi huokoa siku mbili au tatu za kuchechemea.

Lengelenge limeshatokea: kutumbua au kuacha?

Ngozi ya juu ya lengelenge ni bandeji bora kuliko zote. Chini yake mwili umeshaanza kazi. Baada ya saa 24 chembe mpya zinagawanyika kwa kasi, baada ya saa 48 tabaka jipya linaonekana, na kwa saa 120, yaani siku 5, ngozi ngumu ya nje imeanza kujengeka. Lengelenge dogo lisilouma au usilolikanyaga liache. Lifunike tu.

Litumbue kama limejaa na kukaza, linauma kila hatua na bado una safari, au liko mahali ambapo litapasuka lenyewe ndani ya kiatu kichafu. Tundu ulilolitoboa kwa usafi ni afadhali kuliko ngozi iliyochanika ovyo.

Usilitumbue kama una kisukari, mishipa ya damu ya miguu yenye matatizo au kinga dhaifu; hapo muone mhudumu wa afya. Usilitumbue likiwa na damu ndani: uharibifu wake umefika tabaka zenye mishipa, na ni njia fupi ya vijidudu kuingia mwilini. Liondolee uzito na ulifunike. Kama lina usaha, acha pia, hilo ni la kliniki.

Ukiamua kutumbua:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Osha mguu kwa maji na sabuni, kausha, kisha pangusa lengelenge na ngozi ya pembeni kwa spiriti au ayodini.

2. Tumia sindano mpya kutoka kwenye pakiti iliyofungwa. Kama huna, chemsha pini dakika 10 au uisafishe vizuri kwa spiriti. Moto wa kiberiti huacha masizi kwenye ncha, nayo huingia kidondani.

3. Toboa pembeni, chini kabisa ambapo lengelenge linaungana na ngozi nzima, sindano ikiwa imelala sambamba na mguu. Fanya matundu madogo 2 hadi 4, upande ambao uzito wa mwili utasukuma maji nje ukitembea. Tundu moja huziba na maji hurudi. Usitoboe juu katikati, na usikate.

4. Kandamiza taratibu kwa shashi safi hadi maji yaishe na ngozi ilale chini. Usiivue ngozi hiyo.

5. Paka mafuta ya mgando kiasi kidogo au dawa ya kuua vijidudu, weka kipande cha shashi kisichonata, kisha plasta juu. Gundi isiguse ngozi ya lengelenge, la sivyo jioni utaibandua yote.

Maji hurudi mara nyingi. Ukiyatoa mara 3 ndani ya saa 24 za mwanzo, ngozi ya juu ina nafasi nzuri ya kujishikiza tena. Zamani watu walipitisha uzi kwa sindano na kuuacha ndani ili maji yatoke. Usifanye hivyo, uzi ule huwa njia ya uchafu kuingia.

Kama lazima uendelee kutembea, punguza uzito mahali hapo. Kata sponji yenye gundi ya unene wa milimita 3 hadi 5 iwe kama pete, tundu lake likizidi lengelenge kidogo, na uiweke kulizunguka. Kwenye kisigino pete nene huweza kukibana kiatu, kwa hiyo legeza kamba za mbele kidogo. Kwa lengelenge la wayo kuna njia tunayoipenda zaidi: paka rangi ya kalamu juu ya bandeji, kanyaga soli ya ndani mara moja ili alama ibaki, kisha kata tundu hapo kwenye soli yenyewe. Haibanduki kwa jasho, na mguu haubebi kitu cha ziada.

Lililochanika

Ngozi ikiwa imefunguka lakini bado ni safi, osha kwa maji safi mengi na uirudishe mahali pake kama kifuniko. Ikiwa imejikunja, imechafuka au imekufa, ikate kwa mkasi safi hadi pale ilipo hai, usivute. Nyama iliyo wazi haitaki spiriti wala haidrojeni peroksaidi: zinauma na kuchelewesha kupona. Maji na sabuni isiyo kali vinatosha, kisha mafuta ya mgando na shashi isiyonata, ukibadilisha kila siku au kila inapolowa.

Plasta nene za hidrokoloidi, zile zinazofanana na jeli, zinafaa sana hapa kama kidonda ni safi. Zipashe joto kati ya viganja dakika moja kabla ya kubandika, ziache siku 3 hadi 5 hadi zianze kutoka zenyewe. Uvimbe mweupe unaotokea chini yake ni jeli iliyofyonza maji, si usaha. Zisiwekwe juu ya kidonda chenye dalili za uambukizo.

Dalili za hatari

Mnamo Juni 1924, Calvin Coolidge Jr., mtoto wa rais wa Marekani wa wakati huo, alicheza tenisi akiwa amevaa viatu bila soksi na kupata lengelenge kwenye kidole cha mguu. Vijidudu viliingia kwenye damu, na tarehe 7 Julai akafariki akiwa na miaka 16. Wakati huo hakukuwa na antibiotiki. Sasa zipo, lakini zinasaidia mtu aliyewahi.

Chora kwa kalamu mstari kuzunguka wekundu na uandike saa. Wekundu ukivuka mstari huo baada ya saa chache, hiyo si hali ya kuvumilia. Vivyo hivyo ukiona usaha wa njano au kijani, joto na maumivu ya kupwita yanayoongezeka badala ya kupungua, mistari myekundu inayopanda mguuni, mitoki kwenye kinena, homa au kutetemeka. Safari inaishia hapo, na hospitali ni siku hiyohiyo. Kagua pia kama chanjo yako ya pepopunda bado inafanya kazi, hasa kama kidonda kiliingiwa na udongo.

Kurudi njiani

Pumzisha mguu hadi uweze kukandamiza mahali hapo kwa kidole gumba bila maumivu. Kwa siku hizo vaa ndala au viatu vilivyo wazi visivyogusa kidonda. Ngozi mpya itakuwa ya waridi, nyororo na rahisi kuachana kwa wiki chache, kwa hiyo matembezi ya kwanza yawe mafupi, bila mzigo, na plasta ya karatasi iwe imebandikwa kabla ya kutoka nyumbani. Kiatu kilicholeta shida kirekebishwe kwanza: soli, kamba au saizi, kulingana na mahali lengelenge lilipokuwa.